Marehemu Euphrasia Pantaleo Mlay na Babu Yake Aliyebaki Kariakoo

"Mama Caroline, huo mshumaa mlangoni ni wa kuvuta wateja wako au wa kufukuza wa kwangu?"

Swali hilo marehemu aliulizwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe 2 Novemba 1998, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Aliyeuliza ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bi Mwanamkuu, muuza udi na ubani, ambaye leo yuko nasi hapa makaburini, amekaa kwenye kile kiti cha buluu. Ilikuwa Siku ya Marehemu Wote. Marehemu alikuwa ametoka misa ya kwanza Msimbazi, ameinama mbele ya duka ambalo hajalifungua, kiberiti mkononi. Akajibu bila kuinuka, "Na huo ubani unaoufukiza wewe kila asubuhi, mimi nimewahi kukuuliza unamfukuza nani?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Bi Mwanamkuu akachuchumaa karibu naye. "Lakini kweli, shoga yangu, nani kafa hapa?"

"Babu yangu."

"Masikini! Gari?"

"Vita. Alikuwa mpagazi wa jeshi, na hapa palikuwa kambi yao. Kaburi hana, ndiyo maana namwashia sakafuni."

Tunawaomba radhi mapadre na wazee wetu waliozoea wasifu uanze na kuzaliwa. Wa mama Euphrasia haukuweza kuanza pengine. Maisha yake yote alitaka jambo moja, kwamba mtu mmoja aliyefia Kariakoo apate kaburi lenye jina lake. Alilitaka kwa sala, na nyakati nyingine alilitaka kwa hasira, na sisi wanawe hatutaificha hasira hiyo leo kwa sababu tu kuna maua hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 Kilema, mkoani Kilimanjaro, mtoto wa tatu wa mzee Pantaleo Eliasi Mlay na mama Yustina. Baba yake, Pantaleo, alikuwa hajaota meno wakati baba yake yeye, Eliasi, alipochukuliwa. Ilikuwa vita ya Wajerumani na Waingereza. Watu wa mlimani hawakuianzisha, hawakuulizwa, na walioipigania hawakuwa wakigombea chochote cha kwao. Askari wa Waingereza walimkuta Eliasi anakata majani ya ng'ombe. Akatwishwa mzigo pale pale, akaambiwa afuate wenzake, na panga lake likabaki kwenye majani. Hata kuaga hakuaga.

Vita ilipokwisha alirudi mwenzake mmoja wa kijiji kile kile. Alisema amemwacha Eliasi Dar es Salaam, kambini, mahali wanapopaita Kariakoo, anaharisha damu. Kulipokucha hakumwona tena. Aliuliza, hakuna aliyemjibu. Habari zote zilizowahi kufika Kilema ni hizo tu.

Sasa fikirini mke wa mtu huyo. Mwili hakuuona, kaburi hakuoneshwa, na wazee wa ukoo wakasema matanga hayawezi kuwekwa kwa mtu ambaye hakuna aliyemfumba macho. Basi Eliasi hakuwekewa matanga. Kwa desturi ya kwetu, mbuzi akichinjwa kila mtu ana fungu lake kadiri ya nafasi yake katika ukoo, na yule bibi alilitenga fungu la mumewe kila mara, likakaa juu ya jani la mgomba mpaka nyama ikapoa. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka 1961. Marehemu alikua anaangalia nyama inatengewa mtu asiyekuja. Mtoto akiona hivyo mara nyingi, hasahau.

Alianza shule ya misheni pale Kilema mwaka 1955 akamaliza darasa la nne mwaka 1958. Alipenda kuimba na alikuwa mwepesi wa hesabu za kichwa. Siku moja mwalimu aliwataka watoto waseme babu zao wanaishi wapi. Huyu akasema Kilema, huyu Kirua, huyu Marangu. Ilipofika zamu ya Euphrasia akasema, "Babu yangu yuko Kariakoo."

Mwalimu akafurahi. "Oho! Babu yako ni mtu wa mjini! Anauza nini huko?"

"Hauzi kitu. Alikufa."

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka, maana wakati huo Kariakoo ilishajulikana mpaka mlimani kwamba ni soko. Marehemu aliwahi kumweleza binti yake Caroline kwamba siku ile ndipo alipotambua kuwa jina lile lina watu wa aina mbili. Wapo wanaolisikia wakafikiria nyanya na vitambaa. Nyumbani kwao lilikuwa jina la mahali palipommeza mtu.

Tarehe 11 Januari 1969 alifunga ndoa takatifu na Rogath Lyimo wa Marangu, fundi cherehani, mwanaume mpole na mcheshi. Rogath alikuwa ameshapata chumba mjini, ila alikuwa hajasema ni wapi. Alikuja kusema wakiwa tayari stendi ya Moshi, masanduku yako chini: Kariakoo. Bibi harusi akakaa juu ya sanduku lake.

"Huko siendi. Huko ndiko wanakofia watu."

"Mke wangu, huko ni sokoni. Wanauza nyanya."

"Wanauza nyanya juu ya babu yangu?"

Rogath alipenda kuisimulia hadithi hiyo kwenye harusi za watu. Walipanda basi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Caroline na Kasmir, na miaka thelathini na minane ya ndoa ambayo hatukumbuki tukisikia tusi ndani yake. Baba alitangulia mbele za haki tarehe 9 Mei 2007, akazikwa kwao Marangu, kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kama mwanaume wa Kichaga anavyozikwa.

Alipofika mjini, marehemu hakukaa kimya. Aliuliza mapadre, aliuliza wazee wa Ilala na wa Gerezani, wale ambao wazazi wao waliiona kambi kwa macho. Alichokipata kinajulikana na wengi, na yeye hakudai kukigundua. Mwaka 1916 Waingereza waliuchukua mji huu kutoka kwa Wajerumani. Wapagazi wa jeshi lao wakawekwa kambi kwenye uwanja wa pale sokoni na kwenye jengo kubwa ambalo Wajerumani hawakuwahi kulimaliza. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wa hapa wakalitamka walivyoweza, likawa Kariakoo. Vita ikaisha, jengo likafanywa soko, jina likabaki.

Habari yenyewe wengi huisimulia kama jambo la kuchekesha, namna wazee walivyoshindwa Kiingereza. Marehemu ilimkera sana hiyo. Mtu akianza kucheka, alimkatiza: "Mnacheka jina. Waliokuwa ndani ya jina mnawajua?" Maana lile lilikuwa jina la watu. Walibeba unga, risasi, vyombo vya maofisa na maofisa wenyewe walipougua, wakafa kwa maelfu, kwa kuhara, kwa homa na kwa kuchoka, na wengi wao bila jina lao kuandikwa popote. Jina la kikosi limetunzwa vizuri. Liko kwenye mabango, kwenye mabasi, kwenye risiti. Wenye jina walitupwa.

Aliwahi kumchukua Caroline, akiwa binti wa darasa la sita, wakaenda kwa miguu mpaka ile sanamu ya askari katikati ya mji. Wakasimama. Marehemu akasema, "Huyu ana bunduki. Nani alimbebea risasi zake kutoka huko zilikotoka? Mbona hayupo?"

Caroline akasoma maandishi ya chini, akasema, "Mama, wapagazi nao wametajwa hapa."

"Wametajwa kwa pamoja. Mtu hafi kwa pamoja, mwanangu. Anakufa peke yake, na anaitwa fulani."

Maneno hayo ndiyo aliyoyafanyia kazi. Alianza kwa kuuza kamba mlangoni pa nyumba waliyopanga, na mwaka 1986 akapata duka Mtaa wa Narung'ombe, la magunia, kamba na maturubai. Duka lilikuwa na sharti moja ambalo wateja wa mikoani walilizoea kwa shida. Mzigo hautoki mpaka mteja amuulize jina mtu atakayeubeba. Iko siku alikuja tajiri mmoja wa mahindi, ana haraka, lori linanguruma nje.

"Mama, niitie kuli mmoja hapo."

"Simjui mtu wa jina hilo."

"Si yule pale mwenye mkokoteni!"

"Muulize jina lake, halafu umwite mwenyewe."

"Mama, nimekuja kununua magunia, sikuja kuposa!"

"Basi magunia yatakaa hapa mpaka upose."

Yule bwana alinuna, akatoka, akazunguka maduka mawili matatu, akarudi. Akamwendea mwenye mkokoteni akamwuliza jina kama mtu anayeng'olewa jino. "Mrisho," akajibiwa. "Na wewe bosi unaitwa nani, nikupokee vizuri?" Mtaa mzima ulicheka. Mrisho ni mmoja wa hawa wabeba mizigo waliobeba jeneza leo. Hatukuwatuma. Walikuja asubuhi na mapema wakasema mama huyu habebwi na watu wengine.

Sasa turudi kwenye mshumaa. Wiki ile ile ya Novemba 1998 maneno yalienea mtaani kwamba Mchaga wa magunia amezika kitu mlangoni, ndiyo maana wateja wake wakiondoka wanarudi. Mshumaa ulipigwa teke. Akawasha mwingine, ukamwagiwa maji ya chumvi. Siku ya tatu walikuja wafanyabiashara kama kumi, wakiongozwa na mkubwa wao wa mtaa, ambaye hatutamtaja kwa sababu naye ameshazikwa, tena kwenye kaburi lenye jina. Walikuja na sururu. Wakataka sakafu ya mlangoni ivunjwe, kila mtu aone hirizi iliyomo. Mwanamke anayesali kila siku ya Mungu, mwenye rozari mfukoni, anaitwa mchawi mchana kweupe kwa sababu amemkumbuka babu yake!

Caroline alikuwapo, ana mtoto mgongoni. Aliogopa mama atalia. Marehemu alisogea pembeni akawapisha njia.

"Chimbeni," akasema. "Chimbeni sana. Mkimpata mniite, nimemtafuta maisha yangu yote."

Hakuna aliyeinua sururu. Mmoja akauliza, "Kumpata nani?" Akawaeleza, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomweleza mteja bei. Bi Mwanamkuu naye akatoka dukani kwake na chetezo kinafuka moshi. "Mkimaliza kwake mje kwangu! Mimi nafukiza kila siku, mbona hamjaniletea sururu? Au uchawi ni wa Wachaga peke yao?" Wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya ana mteja anamsubiri. Hawakuomba radhi, na hawajaomba mpaka leo.

Tangu hapo, kila tarehe 2 Novemba Bi Mwanamkuu alitoka kusimama kando ya shoga yake. "Mshumaa mimi siwashi," alikuwa akisema. "Lakini na wa kwetu walikuwa humo humo kambini, kutoka Rufiji na Kilwa huko. Hao nawasomea Fatiha yao." Mmoja anasali kimya, mwingine ananong'ona, na wapita njia wanawaruka.

Julai 2021 soko lilipoungua, marehemu alilia na wenzake waliopoteza mali, na alikuwa na haki ya kulia, maana ni maisha ya watu. Jioni yake alimwambia Caroline, "Umeona kila mtu anavyoulizwa, wewe umepoteza nini, na wewe je? Ndivyo inavyotakiwa. Wale wa kambini nani aliwaulizia?"

Marehemu aliishi na presha kwa miaka mingi, akaja kuongezewa kisukari. Machi 2024 alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto, akahamia Magomeni kwa Caroline. Ulimi wake Mungu aliuacha salama, na aliutumia. Aliwasahihisha wajukuu sala, alimsahihisha fundi bomba, na alimtumia Mrisho salamu kupitia kwa kila aliyekuwa anaenda Kariakoo. Novemba iliyopita hakuweza kwenda. Bi Mwanamkuu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwasha mshumaa wa Kikristo, alimtuma mtu akanunue mmoja, akausimamisha mlangoni pa shoga yake, akamwambia yule aliyemtuma, "Washa wewe, mimi nashika kiberiti tu." Marehemu alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. Jumanne tarehe 15 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, baada ya kupakwa mafuta matakatifu jioni iliyotangulia, alilala katika Bwana. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane.

Yaliyofuata ingekuwa rahisi kuyaruka. Lakini wengi mlikuwa msibani mkayasikia, na yasiposemwa hapa yatasemwa vibaya kwingine.

Marehemu alikuwa ameagiza azikwe Dar es Salaam. Agizo hilo alilitoa mwezi Mei mbele ya Caroline, Kasmir na Bi Mwanamkuu. Baba yetu mdogo Wilbert Lyimo alifika kutoka Marangu siku ya Jumatano na habari kwamba kaburi limeshachimbwa kando ya marehemu kaka yake na basi limeshakodiwa. Akauliza mbele ya waombolezaji, "Mke wa Lyimo azikwe mjini kama mtu asiye na kwao? Watu watasema nini?"

Caroline hajazoea kujibizana na wakubwa. Alipiga magoti kama alivyolelewa, na akajibu akiwa pale chini. "Baba mdogo, kwao anapajua. Ametaka msalaba wake uandikwe neno ambalo kihamba cha Lyimo hakiwezi kulibeba, maana linamhusu mtu wa ukoo wa Mlay. Na kwenye kihamba cha Mlay hazikwi binti aliyeolewa. Sasa aende wapi?"

"Mtu gani huyo?"

"Eliasi. Babu yake."

"Huyo wa vita? Huyo si alipotea zamani? Mtu aliyepotea miaka mia ndiye atunyang'anye mke wetu?"

Hapo ndipo Caroline, ambaye mama yake alimfundisha upole, aliposimama. Mungu amsamehe, lakini alisimama. "Hakupotea, baba mdogo. Aliyepotea anaweza kurudi. Huyu alichukuliwa, akatwishwa mzigo wa watu wengine mpaka akafa, na mahali alipofia tumepafanya soko, tunapita juu yake tukibishana bei. Kila mtu hapa ana kwao. Yeye tu ndiye asiye na kwao? Mama amekaa kando ya baba miaka thelathini na minane. Hajamkosea mtu. Leo anaomba akae kando ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kukaa kando yake!"

Baba mdogo Wilbert alikunja kofia yake, akaikunjua. Kisha akauliza, taratibu, "Alibeba nini, huyo mzee?"

"Hatujui. Hakuna aliyetuambia."

Akaivaa kofia yake. Mwisho akasema, "Mimi sijakubali. Ila sitasimama mbele ya gari." Akapiga simu Marangu. Kwa desturi yao kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, kwa hiyo jana mchana walizika mgomba, kando ya baba. Tunamshukuru. Yuko hapa, na msalaba huu mnaouona ulipakwa rangi Gerezani, naye ndiye aliyekwenda kuuchukua pamoja na Kasmir. Njiani hakukubali mtu mwingine aushike.

Marehemu ameacha watoto wawili, Caroline na Kasmir. Mkwe mmoja, Elieshi. Wajukuu saba na kitukuu mmoja. Shemeji yake Wilbert. Ukoo wa Mlay wa Kilema na ukoo wa Lyimo wa Marangu. Jumuiya yake ya Msimbazi. Wabeba mizigo wa Mtaa wa Narung'ombe, ambao wameomba waandikwe hapa kama ndugu nasi tumewaandika. Na Bi Mwanamkuu.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Euphrasia, na uwapokee wale wote ambao wewe peke yako unayajua majina yao. Walale sasa kwa amani, maana huku duniani hawakupewa.

Hili ndilo ombi lake, kama alivyolisema mwezi Mei, akiwa amekaa kitandani, neno kwa neno:

"Nizikeni hapa Dar es Salaam. Msalabani andikeni majina mawili, la Eliasi juu, langu chini. Na mkifika makaburini, kabla hamjanililia mimi, mlilieni yeye kwanza. Yeye hajaliliwa."